Kariakoo, Mlango wa Bidhaa za Uchina

Msomaji mpenzi, kabla hujaendelea kusoma, chukua tochi au taa ya jua iliyo nyumbani mwako, uigeuze, utazame chini yake. Huenda utakuta maandishi madogo yasemayo kwamba imetengenezwa Uchina. Tazama tena chupa ya chai, kandambili za watoto, mwavuli, redio, simu, na pengine hata kitenge alichovaa mama. Vingi kati ya vitu hivi vimetoka nchi moja, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Lakini aliyekuuzia ni mwenye duka wa kijijini kwenu. Naye alivipata wapi? Ukimwuliza, atakujibu kwa neno moja tu: Kariakoo.

Basi leo twende pamoja Dar es Salaam tukauone mlango huo. Wengi wetu hutoa fedha zetu kila mwezi zipite hapo, na hatujui ziendako. Si vizuri mtu kutojua njia ya fedha yake mwenyewe.

TUNAINGIA MJINI

Ukishuka katika gari moshi jipya la umeme, ambalo tangu Julai 2024 linafika Dodoma, unajikuta karibu na bandari na karibu na mji wa zamani. Mji huu ulianzishwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860, na Wajerumani wakaufanya makao makuu yao mwaka 1891. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo mnara wake unaonekana na mabaharia wanaoingia bandarini, lilijengwa na wamisionari Wajerumani kati ya 1897 na 1902. Mbele kidogo, penye njia panda, imesimama sanamu ya shaba ya askari mwenye bunduki. Hiyo iliwekwa na Waingereza mwaka 1927, kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Kila taifa lililopita hapa limeacha alama yake.

Ukiendelea kwa miguu kuelekea magharibi unafika Mnazi Mmoja. Leo ni bustani na uwanja wa mikutano. Zamani za utawala wa wageni uwanja huu uliachwa wazi kwa makusudi, ili utenge mitaa ya Wahindi na mitaa ya Waafrika. Vuka uwanja huo, na sasa umeingia Kariakoo.

JINA LA KARIAKOO

Jina hili si la Kizaramo wala la Kiarabu. Waingereza walipoutwaa mji mwezi Septemba 1916, waliweka hapa kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na vinywa vya watu vikalainisha maneno hayo yakawa Kariakoo. Mamia ya maelfu ya watu wa Afrika Mashariki na ya Kati walichukuliwa kubeba mizigo ya vita, na makumi ya maelfu wakafa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kwa hiyo msomaji, unapomwona kijana leo amejitwika marobota mawili ya nguo katika Mtaa wa Congo, akipiga kelele watu wampishe, kumbuka kwamba mahali hapa pamepewa jina la wabeba mizigo.

Wajerumani walikuwa wamejenga hapa jengo kubwa karibu na mwaka 1914, na jengo hilo baadaye likawa soko. Soko jipya lilijengwa baada ya Uhuru, likafunguliwa mwaka 1975. Aliyelichora ni Mtanzania, marehemu Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki. Paa lake ni kama miavuli mikubwa ya saruji iliyogeuzwa juu chini, ili kivuli na hewa viwepo, na maji ya mvua yakingwe. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko hilo liliungua moto, na wenye vizimba vingi wakapoteza mali yao yote.

Lakini usidhani kwamba Kariakoo ni soko hilo tu. Kariakoo ni mitaa mingi: Congo, Msimbazi, Aggrey, Sikukuu, Mchikichi, Swahili, Narung'ombe, Tandamti na mingineyo. Zamani ilikuwa mitaa ya nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Siku hizi nyumba nyingi za namna hiyo zimebomolewa, na maghorofa marefu yamepanda mahali pake, yenye maduka tangu chini hata ghorofa za juu. Haraka hii nayo ina gharama yake. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo moja la ghorofa liliporomoka, na watu zaidi ya 20 wakafa.

Nilipita mitaa hiyo nikitafuta madaftari na kalamu za jumla. Katika Mtaa wa Aggrey ni simu na vifaa vyake. Mtaa wa Congo ni nguo, zilizotundikwa, zilizotandazwa chini, na zilizobebwa mabegani na machinga. Wanunuzi si Watanzania tu. Utasikia Kifaransa cha Wakongo na Wakomoro, Kinyarwanda na Kirundi, na Kinyanja cha watu wa Malawi na Zambia. Halafu utawasikia Wachina wakizungumza Kiswahili, tena wengine wakipatana bei bila kutafuta neno.

URAFIKI WA ZAMANI

Watu wengine husema Wachina wamekuja juzi. Sivyo. Huko Kunduchi, kaskazini ya mji, kuna magofu na makaburi ya kale yenye nguzo, na katika nguzo hizo zilipachikwa sahani za Kichina. Kilwa pia vimechimbuliwa vipande vingi vya vyombo vya namna hiyo. Bidhaa za Uchina zilifika pwani yetu kwa majahazi, zikipita mikononi mwa wafanya biashara wa Uhindi na Uarabuni, mamia ya miaka kabla ya Mzungu wa kwanza kuja.

Urafiki wa siku hizi ulianza baada ya Uhuru. Radio ya Beijing ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Mwezi Februari 1965 Mwalimu Nyerere alizuru Uchina, na mwezi Juni mwaka huo huo Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja Dar es Salaam. Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa pale Ubungo kwa msaada wao, kisuke na kufuma pamba yetu wenyewe.

Lakini kazi kubwa kuliko zote ni reli ya TAZARA. Nchi za Magharibi zilikuwa zimekataa kuijenga, zikisema haitaleta faida. Uchina, ambayo wakati ule ilikuwa nchi maskini, ilikubali mwaka 1967. Kazi ilianza 1970, ikamalizika 1975, na mwaka 1976 reli ikakabidhiwa kwa Tanzania na Zambia: kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Wachina zaidi ya 60 walikufa nchini mwetu katika kazi hiyo na nyingine za urafiki. Makaburi yao yako Majohe, upande wa Pugu, nayo hutunzwa vizuri.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo linaloiunganisha reli na duka. Mkopo wa Uchina ulikuwa hauna riba. Vyuma, mashine na mafundi vilitoka kwao moja kwa moja. Lakini vibarua wetu walihitaji mshahara wa shilingi, na shilingi Uchina haikuwa nazo. Wakafanyaje? Walileta bidhaa kwa meli. Mashirika yetu ya biashara ya umma yaliuza bidhaa hizo madukani, na fedha zilizopatikana zikalipia gharama za hapa nchini. Kwa hiyo mzee wako aliponunua bakuli la bati au chupa ya chai ya Kichina miaka ile ya mwanzo ya 1970, huenda alisaidia kumlipa kibarua aliyechimba tuta la reli kule Mlimba. Ndivyo bidhaa za Kichina zilivyozoeleka katika nyumba zetu.

Tena, Uchina haikuwa rafiki pekee. Wakazi wa zamani wa Dar es Salaam wanayakumbuka mabasi marefu ya UDA aina ya Ikarus, yaliyotengenezwa Hungaria, nchi iliyo katikati ya Ulaya. Yalikuwa mabasi mawili yaliyoungwa kwa mpira uliokunjwakunjwa, na watu wakayaita kumbakumba, kwa sababu yalizoa kila mtu kituoni. Yamekwisha. Tangu Mei 2016 mabasi marefu ya Mwendokasi hupita Msimbazi na kugeuza Gerezani, ubavuni mwa Kariakoo, nayo yale ya kwanza yalitengenezwa Uchina. Mataifa hupokezana, lakini abiria ni yule yule.

JINSI MZIGO UNAVYOSAFIRI

Miaka ya zamani mwenye duka wa Kariakoo alinunua kwa wafanya biashara wakubwa, au alikwenda Dubai. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 wengi wameanza kwenda wenyewe Uchina, hasa katika mji wa Guangzhou, ambao zamani Wazungu waliuita Canton. Huko kuna maonyesho makubwa ya biashara yaliyoanza mwaka 1957, nayo hufanyika mara mbili kila mwaka. Wengine huenda Yiwu, mji wenye soko kubwa mno la vitu vidogo vidogo: vifungo, vibanio vya nywele, michezo ya watoto, kufuli, vijiko. Wako akina mama wa Kariakoo wasiojua Kiingereza wala Kichina, waliokwenda huko kwa kikokotoo mkononi tu: yeye anaandika bei, Mchina anafuta na kuandika yake, hata wakapatana.

Sikiliza jinsi kazi inavyokwenda. Mfanya biashara huchagua mali na kuweka malipo ya kwanza. Kiwanda kikimaliza, hulipa fedha iliyobaki. Mzigo hupelekwa ghalani kwa wakala, na mara nyingi wakala huyo ni kijana wa Kitanzania aliyekwenda huko kusoma akabaki. Asiye na mali ya kujaza kontena zima huungana na wenzake, na kila mmoja hulipa kwa meta za ujazo wa mzigo wake. Meli husafiri majuma mengi. Mzigo ukifika kuna gharama za bandari na ushuru wa forodha. Ndipo unapoingia ghala la Kariakoo, ukauzwa kwa jumla, ukafungwa, ukapelekwa kituo cha mabasi cha Mbezi, na kutoka hapo hadi wilayani kwenu na mwisho kijijini.

Tufanye hesabu kidogo kama shuleni. Huu ni mfano tu, si bei ya kweli. Tuseme taa imenunuliwa kiwandani kwa shilingi 2,000. Nauli ya meli na ushuru vikaongeza 1,000. Mwenye ghala akaongeza 500, mwenye duka wa wilayani 700, mwenye duka wa kijijini 800. Wewe unalipa 5,000. Hakuna aliyekuibia, kila mmoja amefanya kazi yake. Lakini ona, katika shilingi zako 5,000, elfu mbili zimekwenda Uchina, na hizo nyingine zimewalisha watu wengi hapa njiani. Swali kubwa la Kariakoo leo ni hili: watu hao wa njiani watakuwa nani?

MGENI NA MWENYEJI

Zamani Mchina alikaa kiwandani kwake, na Mtanzania akamfuata. Kisha Wachina wengine walikuja wenyewe, wakapanga maduka Kariakoo, wakauza kwa jumla na hata rejareja. Mwenye kiwanda, au ndugu yake, akiuza mwenyewe, ile faida ya mtu wa katikati inaondoka. Bei inashuka. Mnunuzi anafurahi, ila mwenye duka wa Kitanzania aliye jirani analia.

Neno hili limeleta kelele kwa miaka mingi. Mwaka 2011 Serikali iliwataka wageni wanaofanya biashara ndogo ndogo Kariakoo waondoke kwa muda wa siku 30. Wengine walitoka, wengine wakarudi kwa majina ya Watanzania waliokubali kukodisha leseni zao. Mwezi Mei 2023 wafanya biashara wa Kariakoo wenyewe walifunga maduka kwa malalamiko ya kodi, hata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuwasikiliza pale Mnazi Mmoja. Mwezi Juni 2024 walifunga tena. Maduka yakifungwa Kariakoo kwa siku chache, mwenye duka wa kijijini hukosa mali ya kununua.

Mwezi Julai 2025 Serikali ilitoa amri inayokataza wasio raia kufanya biashara za aina 15. Katika hizo zimo kuuza kwa jumla na rejareja, kutengeneza simu, uwakala wa kutuma fedha, ususi na unyoaji, na pia jambo linalotuhusu sana sisi wa vijijini: kununua mazao shambani kwa mkulima. Mgeni akivunja amri anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kufungwa. Na Mtanzania anayemficha mgeni nyuma ya jina lake naye ana adhabu: faini ya shilingi milioni 5, au kifungo cha miezi mitatu.

Je, ni haki? Wako wanaosema mgeni huleta bei nafuu, na maskini hushukuru bei nafuu. Hilo ni kweli. Wako wanaosema mwenye mtaji wa kiwanda hawezi kushindana sawa na mjane mwenye kizimba kimoja. Hilo pia ni kweli. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahame. Lakini wazee hao hao wasingekubali tumtukane mgeni barabarani au tumharibie mali. Sheria ikisema, iamue sheria, wala si ngumi. Nayo sheria ina kazi ya kumtazama pia mwenyeji anayekodisha jina lake kwa siri, kisha akapaza sauti kuliko wote kuwalaumu wageni.

SISI TUNAWAUZIA NINI?

Msomaji, urafiki una pande mbili. Uchina ndiyo nchi ambayo Tanzania hununua bidhaa nyingi kwake kuliko nchi nyingine yoyote, nasi tunaiuzia kidogo zaidi. Hicho kidogo kinatoka wapi? Kinatoka kwako. Ufuta wa Lindi, Mtwara, Ruvuma na mikoa mingine, mnunuzi wake mkubwa ni Uchina. Soya imefunguliwa njia mwaka 2020, na parachichi mwaka 2022. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 Uchina imeondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa za nchi maskini zenye uhusiano nayo wa kibalozi, na Tanzania imo.

Kwa hiyo kuna safari mbili. Gunia lako la ufuta linashuka mpaka pwani, linavuka bahari. Taa na kandambili zinavuka bahari kuja, zinapanda mpaka kwako. Gunia likiuzwa kwa haraka kwa mlanguzi anayekuja usiku na kipimo chake mwenyewe, safari ya kwanza inakuachia kidogo. Taa ikiwa mbovu, safari ya pili inakunyang'anya hicho kidogo. Basi mkulima anaweza kupoteza kotekote, au kupata kotekote. Ndiyo sababu nasema habari za Kariakoo si habari za watu wa mjini peke yao.

YAFAA TUFANYE NINI

Kwanza, tujue kununua. Si kweli kwamba vitu vya Kichina ni vibovu. Kiwanda hutengeneza kwa kadiri ya fedha ya anayeagiza. Akitoa bei ndogo mno hupewa kitu cha kudumu kidogo. Rahisi ni ghali. Tafuta alama ya Shirika la Viwango, TBS, hasa kwa nyaya za umeme na vifaa vyake, maana waya mbaya huunguza nyumba. Omba risiti, kitu kikiharibika kesho, usiye na risiti huna la kusema.

Pili, simu. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu nyingi za bandia nchini kwa usiku mmoja, na watu wengi wa vijijini waliamka hawana mawasiliano. Kabla ya kulipa, bonyeza *#06#, utaona namba ndefu ya simu hiyo. Iandike, itume kwa ujumbe kwenda 15090, nawe utajibiwa jina la aina ya simu. Jina likiwa jingine na lile lililoandikwa simuni, irudishe kwa mwenyewe.

Tatu, tuuze kwa akili. Ufuta upepetwe, ukauke, upimwe katika chama cha ushirika kwa mizani iliyokaguliwa, uende mnadani kwa stakabadhi ghalani penye utaratibu huo. Kuchelewa kulipwa kunauma, najua. Lakini kuuza kwa kangomba kunauma zaidi.

Nne, tusiache ufundi wetu. Ndoo ya plastiki haikukuzuia kufinyanga mtungi, wala nguo ya dukani haikumzuia fundi cherehani kushona sare za shule. Fedha inayolipwa kwa fundi wa kijijini huzunguka kijijini mara nyingi kabla haijatoka. Wachina wenyewe hawakuzaliwa na viwanda. Nchi iliyotujengea reli ilikuwa maskini kama sisi, ikaweka watoto shuleni na mafundi kazini, leo sisi ndio tunaokwenda kwao kununua.

Na la mwisho, kila nyumba iwe na daftari. Andika ulichouza na ulichonunua, kwa nani, kwa bei gani. Mwaka ukiisha, keti na mwenzako na watoto wakubwa, mjumlishe: kiasi gani kimekwenda Kariakoo, kiasi gani kimerudi. Jambo hili halihitaji elimu ya chuo, linahitaji kalamu ya wino na uaminifu. Mali bila daftari hupotea bila habari.